Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni wa Uingereza: Waandikwe mafundi bunduki, si maduka pekee

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Utamaduni, Habari na Michezo,
Serikali ya Uingereza,
London.

KUH: OMBI LA KUINGIZA UFUNDI WA BUNDUKI ZA MKONO KATIKA ORODHA YA URITHI HAI

Mheshimiwa Waziri,

Husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni seremala, mzaliwa wa Tanga na mkazi wa Birmingham. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa sehemu ya jambo hili inawagusa wasomaji wa lugha hii, na nakala ya Kiingereza nimekwisha kuituma ofisini kwako. Mwaka 2024 nchi yako iliridhia Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa Kuhifadhi Urithi wa Utamaduni Usioshikika, miaka mingi baada ya Kenya na Tanzania kufanya hivyo, na mkataba huo unaitaka kila nchi mwanachama iorodheshe urithi ulio hai ndani ya mipaka yake. Naomba ufundi wa kutengeneza bunduki kwa mkono uingizwe katika orodha hiyo, na uandikwe kwa kutaja kazi zenyewe na watu wanaozifanya, badala ya kusifia nyumba chache za biashara za mtaa wa Mayfair, London.

Nieleze nilichokiona kwa macho yangu. Katika karakana ndogo ya ghorofani, mzee mmoja alikuwa akichonga kitako cha bunduki ya mitutu miwili kutoka kipande cha mti wa jozi. Mbele yake paliwaka kibatari cha mafuta ya taa. Alikipitisha chuma juu ya moshi mpaka kikawa cheusi tii, akakiingiza polepole katika tundu alilolichimba kwenye mbao, akakitoa, kisha akainama kuangalia masizi yameshika wapi. Penye weusi ndipo mbao na chuma vinapogusana. Hapo alipapasa kwa patasi, akatoa unyuzi mwembamba usiozidi unene wa karatasi, akarudi tena kwenye moshi. Nilihesabu mara kumi na saba, nikaacha kuhesabu, naye bado anaendelea. Nimesoma shule kwa mwanga wa koroboi, nimeshika patasi tangu ujana wangu, na sikuwahi kuona masizi yakitumika kama kipimo. Alipomaliza, sikuweza kupenyeza hata ukucha kati ya mbao na chuma.

Hiyo ni kazi ya fundi wa kitako peke yake. Kabla yake yupo fundi wa mitutu, ambaye mirija yake miwili hailazwi sambamba kabisa bali hukaribiana kidogo kuelekea mdomoni, ili marisau ya pande zote mbili yaangukie pamoja kwenye shabaha. Yupo anayetengeneza mtambo na kufuli zake, yaani vifaa vya kufyatulia, kwa tupa, yupo mnakshi anayechora maua na mizunguko juu ya chuma, na mwishoni yupo msafishaji anayeisugua mbao kwa mafuta ya kitani, siku baada ya siku, kwa kiganja cha mkono. Bunduki moja ya daraja la juu hula mamia ya saa, na mwanagenzi huhitaji miaka kadhaa kabla ya kuaminiwa na kazi peke yake.

Ujuzi huu umepita kutoka mkono hadi mkono. James Purdey alifanya kazi kwa Joseph Manton, fundi bunduki maarufu wa London, kabla ya kufungua duka lake la bunduki mwaka 1814. Mtambo unaoifungua bunduki wenyewe, ambao nyumba ya Purdey inajulikana nao hadi leo, ulibuniwa na Frederick Beesley, fundi aliyeusajili mwaka 1880 kisha akawauzia. Siku hizi Purdey ni mali ya kampuni ya Uswisi, Richemont, na Holland & Holland, nyumba nyingine ya bunduki iliyoanza mwaka 1835, ilinunuliwa mwaka 2021 na Beretta ya Italia. Silalamikii wanunuzi hao. Ninachosema ni kwamba jina na hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, huuzwa sokoni, na iwapo orodha yako itaandika majina hayo tu, itakuwa imeandika kitu ambacho kimekwisha kuhama.

Hapa Birmingham hali ni nzito zaidi. Mtaa wa mafundi bunduki ulikuwa kama karakana moja iliyotawanyika katika nyumba nyingi: kufuli zikitoka miji ya jirani ya Darlaston na Wednesbury, vijana wakipita vichochoroni wakibeba vipande kutoka kwa fundi mmoja kwenda kwa mwingine. Sehemu kubwa ya mtaa huo ilibomolewa, na barabara ya mzunguko ikapita juu yake katika miaka ya 1960. Nyumba ya kujaribia mitutu, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1813, bado inafanya kazi. Mtutu hufyatuliwa hapo kwa baruti nzito kuliko kawaida, na ukistahimili ndipo hugongwa muhuri.

Mheshimiwa, lipo jambo ambalo orodha haipaswi kulikwepa. Katika karne ya 18, bunduki za Birmingham zilipelekwa Afrika Magharibi na kubadilishwa kwa watu. Mwaka 1796 Samuel Galton, mtengenezaji bunduki wa Birmingham, alitengwa na Wakweka, waumini wenzake wa dhehebu la Kikristo linalopinga vita, kwa sababu ya kutengeneza na kuuza silaha, kwa hiyo hata wakati ule walikuwepo waliouona ubaya wake. Kwetu pwani, katika karne ya 19, magobori ya Ulaya na Marekani yalimiminika Zanzibar, yakabebwa na misafara hadi Tabora na Ujiji, kwa pembe za ndovu na kwa utumwa. Sidai kwamba kila gobori lilitoka Birmingham. Lakini mjukuu wa waliobeba mizigo ile akisoma maelezo ya ufundi huu, ni haki yake aikute habari hiyo ndani ya maelezo, si katika tanbihi.

Wapo watakaosema silaha haistahili kuitwa urithi. Nimelifikiria hilo kwa muda mrefu, kwa sababu zilezile nilizozitaja. Naamini kuandika ukweli wote kuhusu ufundi ni bora kuliko kuuacha ufe kimya pamoja na historia yake.

Kwa hiyo naomba mambo matatu: maelezo yaandikwe pamoja na mafundi wa mitaani wanaofanya kazi kwa vipande, si kwa kuuliza wenye maduka peke yao, kazi ya wazee irekodiwe kwa video wangali wanaona vizuri, na patengwe fedha za kumlipa mwanagenzi katika miaka yake ya mwanzo, maana karakana ya mtu mmoja haiwezi kumudu mshahara wa kijana ambaye bado anaharibu mbao. Mzee niliyemtaja hana mwanafunzi. Nilimuuliza patasi zake atamwachia nani, akazifuta moja moja, akazirudisha kwenye kitambaa chake, hakunijibu.

Natanguliza shukrani, nikisubiri majibu yako.

Wako mwaminifu,
Seremala, mkazi wa Birmingham