Tarehe 28 Agosti ielezwe yote

Ndugu Mhariri,

Kila ifikapo tarehe 28 Agosti, magazeti na redio zetu hukumbuka jambo moja tu: hotuba ya Martin Luther King Jr. mjini Washington mwaka 1963. Sina ugomvi na hotuba hiyo. Nafundisha historia sekondari, na wanafunzi wangu huisoma kwa moyo. Ombi langu ni kwamba siku hiyo ielezwe yote, maana yale yanayoachwa ndiyo yanayoipa hotuba uzito wake.

Tarehe hiyo hiyo mwaka 1833, sheria ya kufuta utumwa katika makoloni ya Uingereza ilipata ridhaa ya Mfalme. Vitabu vingi huisifu kama tendo la huruma, lakini habari ya fedha hairefushwi. Bunge lilitenga pauni milioni 20 za fidia, karibu asilimia 40 ya matumizi ya serikali kwa mwaka, na waliolipwa ni wenye watumwa. Watumwa wenyewe, wapatao 800,000, wengi wao katika mashamba ya miwa ya Karibea, hawakupewa hata senti. Tena waliozidi miaka sita walilazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana wale wale, kwa kisingizio cha uanagenzi, hadi mwaka 1838. Mkopo uliochukuliwa kulipia fidia hiyo ulimalizika kulipwa mwaka 2015, kwa kodi za Waingereza wote, wakiwemo vitukuu vya watumwa hao.

Pwani yetu haikuguswa na sheria hiyo. Soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lilifungwa mwaka 1873. Utumwa ukafutwa kisheria visiwani mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Hata Unguja fidia ilikuwa ya mwenye mtumwa. Mwanafunzi wa Tanga au Bagamoyo anastahili kuyasoma haya pamoja.

Kisha usiku wa manane wa kuamkia tarehe 28 Agosti 1955, kijiji cha Money, jimbo la Mississippi, Marekani. Wazungu wawili, Roy Bryant na J. W. Milam, walimtoa kitandani Emmett Till, kijana wa miaka 14 aliyetoka Chicago kuwatembelea jamaa zake, kwa madai kwamba alimkosea adabu mke wa Bryant dukani. Walimtesa, wakampiga risasi na kumtupa mto Tallahatchie. Mama yake, Mamie Till, alikataa jeneza lifungwe. Alitaka watu waone mwanawe alivyofanywa, na maelfu kwa maelfu walipita mbele ya jeneza hilo kule Chicago. Mahakamani, mzee Moses Wright, ambaye kijana alichukuliwa nyumbani kwake, alisimama mbele ya Wazungu na kumnyooshea kidole Milam. Kwa mtu mweusi wa Mississippi wakati ule, kufanya hivyo kulikuwa kuhatarisha uhai. Jopo la wanaume 12, weupe watupu, liliwaachia washtakiwa baada ya saa moja hivi. Miezi michache baadaye wakakiri mauaji gazetini, tena kwa malipo.

Miaka minane kamili ikapita, ndipo watu wapatao 250,000 wakakusanyika Washington, siku ya hotuba ile ya King. Walidai ajira pamoja na uhuru, na miongoni mwa madai yao kulikuwa na kima cha chini cha mshahara cha dola mbili kwa saa. Bayard Rustin, aliyeyapanga maandamano yale, hatajwi kwetu kabisa. Hapo hapo uwanjani Roy Wilkins, kiongozi wa chama cha NAACP kinachotetea haki za weusi, alitangaza kwamba W. E. B. Du Bois, msomi mweusi wa Marekani na mpigania haki wa siku nyingi, amefariki Accra, Ghana, akiwa na miaka 95.

Mwaka 2008, Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kogelo, Siaya, alikubali uteuzi wa kugombea urais tarehe hiyo hiyo. Hilo Afrika Mashariki tunalijua vizuri, sina haja ya kulirefusha.

Mhariri, ukurasa wako wa kumbukumbu husomwa na walimu wengi, na baadhi yetu huubandika ukutani darasani. Tarehe 28 Agosti ijayo, tafadhali utoe nafasi kwa sheria ya 1833 pamoja na hesabu yake ya fidia, na uichapishe picha ya Mamie Till kwa ukubwa ule ule unaoipa ya King.

Mwalimu wa historia,
Tanga