Kisonono na sura zake nyingi

Nairobi

Mpendwa Rehema,

Barua yako nimeipata, nami nimefurahi kwamba hukukubali jibu la haraka. Unauliza kwa nini yule dada anarudi kliniki na kisonono tena na tena, ilhali aliyeugua surua mara moja kwa kawaida haiugui tena. Kwamba wenzako wanasema ana damu dhaifu, hilo limeniudhi. Damu yake haina kasoro. Kingamwili, yaani protini za damu zinazopambana na vijidudu, alitengeneza, ila zilimjua bakteria wa kisonono kwa sura aliyokuwa nayo wakati ule.

Ungekuwa maabara nami ungejionea. Ukiwaotesha bakteria hao kwenye agari angavu, ule utelezi mgumu wa kuoteshea vijidudu, kisha ukaimulika sahani kwa mwanga wa pembeni chini ya darubini, makoloni ya mgonjwa mmoja hayafanani: mengine yanapitisha mwanga, mengine yana ukungu. Tofauti hiyo hutokana na protini za Opa, zinazokaa juu ya utando wa nje wa bakteria na kumsaidia kunata kwenye seli zetu. Jeni za protini hizo, yaani maelekezo ya kuzitengeneza, ni takriban 11, na kila moja hufanya kazi au hunyamaza bila kuzingoja nyingine.

Ndani ya kila jeni, karibu na mwanzo wake, herufi za DNA CTCTT zinajirudia mara kadhaa. DNA inaponakiliwa, unakili huteleza mahali hapo, rudio moja likaongezeka au likapungua. Jeni husomwa herufi tatu tatu, kwa hiyo zikiongezeka tano, yote yanayofuata yanavurugika na protini haitoki. Kizazi kingine kinateleza tena, protini inarudi.

Rehema, usikubali mtu akuambie kwamba bakteria anaziona kingamwili zikija ndipo abadilike. Haoni kitu. Kuteleza hutokea kwa bahati, kingamwili ziwepo zisiwepo. Zinapofika, huwaua wale wenye protini inayojulikana, na wachache waliokwisha kuwa tofauti ndio wanaozaana. Mimi hapo ndipo ninapostaajabu kuliko kwingine kote.

Tena bakteria huyo ana vinyweleo vya kunasia. Jeni inayovitengeneza ni moja, lakini pembeni amehifadhi nakala nyingi zisizo kamili, ambazo hazitoi protini yoyote. Kipande cha nakala hizo hunakiliwa ndani ya jeni inayofanya kazi, na kinyweleo kinatoka na umbo jipya.

Sehemu ya elimu hii imetoka hapa Nairobi. Tangu 1985 wanawake wanaofanya biashara ya ngono mtaa wa Majengo, Pumwani, wamekuwa wakishiriki utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Manitoba, Kanada. Mwaka 1994 mtafiti Mkanada Frank Plummer na wenzake walichapisha kwamba wanawake wenye kingamwili dhidi ya Opa walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kisonono kupanda hadi mirija ya uzazi. Kwangu mimi, wanawake hao wangetajwa kwanza, maprofesa wafuate.

Chanjo basi? Njia mojawapo ni kulenga protini zisizobadilika sana. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo aina ya B inagusa baadhi yake, kwa kuwa bakteria hao wawili ni jamaa, na mwaka 2025 Uingereza ilianza kuwapa walio katika hatari kubwa. Kinga yake ni ya kiasi tu, lakini ni mwanzo. Kwa sasa dada yako huyo na mwenzi wake watibiwe pamoja, na asilaumiwe.

Huko kwenu Dodoma mna homa ya papasi, inayoletwa na kupe hao, ambayo hushika siku chache, ikaachia, ikarudi. Nayo ni hivyo hivyo: kingamwili zinafagia bakteria wenye protini moja ya juu, wanabaki wenye nyingine, homa inapanda upya. Niandikie kama bado mnaipata kwenye nyumba za udongo, na kama huwa mnapima damu wakati homa imepanda, maana ikishaachia ni vigumu kuwaona.

Wako,
Wanjiru