Jiko halina kosa, mbavu zinakatwa vibaya

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitetee majiko. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Iyunga, jijini Mbeya. Kazi yangu kubwa ni mageti na madirisha, lakini natengeneza pia majiko ya kuchomea nyama ya nyumbani. Mteja analipa, anaondoka na jiko lake kwenye bajaji amefurahi, halafu Jumapili jioni simu inaita: "Fundi, jiko lako linakausha nyama. Mbavu hazitafuniki." Ukimuuliza zilikatwaje, anakushangaa. Kwake mbavu ni mbavu.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu na mabucha yetu. Nenda bucha ya mtaani uombe mbavu za ng'ombe uone. Muuzaji anazilaza juu ya gogo, anainua shoka, na unafungiwa mabonge yenye unene wa ngumi, yamejaa chembe za mfupa zinazosubiri jino lako. "Za supu hizi, mzee wangu?" Kwa supu sina neno. Ila hata supu huku kwetu ina gharama yake: mji wetu uko kwenye mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100 kama Dar es Salaam, kwa hiyo nyama ngumu inakula mkaa mwingi zaidi kabla haijakubali.

Kuchoma ni habari nyingine. Ng'ombe wetu wengi ni wa asili, wametembea sana kutafuta malisho, na wengine ni maksai waliovuta plau misimu kadhaa kabla ya kuletwa mnadani. Mbavu za mnyama wa namna hiyo zina utamu ambao steki haina, kwa sababu ya mafuta yaliyopita katikati ya nyama, lakini zina pia utando mgumu unaolainika kwa moto wa taratibu wa saa kadhaa. Jiko la mkaa haliwezi kufanya kazi hiyo kwa dakika kumi, hata nikilitengeneza kwa dhahabu. Kinachowezekana ni kumpunguzia mlaji kazi mapema, pale pale buchani: mbavu zikatwe kwa kukatiza mifupa, vipande vyembamba vya milimita 8 hadi 10, kila kipande kikiwa na vijifupa vitatu au vinne vimejipanga ukingoni. Kipande chembamba hivyo kinaiva kabla hakijakauka.

Hilo sikulibuni mimi. Binti yangu anasoma Korea Kusini, na huko nyama hiyo wanaiita galbi. Alinionyesha duka la nyama kwa simu. Yeye alitaka nione nyama, mimi macho yakaganda kwenye msumeno: utepe wa chuma unaozunguka, mfupa unapita, kipande kinadondoka, hakuna chembe hata moja.

Viungo vyao navyo havina ugeni wa kututisha. Kwa kilo moja mimi naweka robo kikombe ya soya sosi, vijiko viwili vya sukari, punje tano sita za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi, pilipili manga, na kijiko cha mafuta ya ufuta nikiyapata. Kisha peasi moja kubwa, imekunwa pamoja na maji yake. Wao wana mapeasi yao ya duara. Mimi natumia haya yanayotoka Njombe, tunayoyaona sokoni yamepangwa mafungu huku watu wakiyapita kwenda kwenye parachichi. Peasi linatia utamu wa upole na linalainisha kidogo. Chumvi siongezi, soya sosi inatosha. Nalaza usiku mzima kwenye friji, asubuhi nyama imebadilika rangi mpaka ndani.

Najua wengi wetu tunakimbilia papai bichi. Ni dawa kweli, utomvu wake unakata nyama, lakini haujui kusimama. Kwa vipande vyembamba nusu saa yatosha. Ukiilaza nyama nalo usiku kucha, asubuhi utaikuta imekuwa uji kwa nje, na uji hauchomeki.

Kuna jambo jingine ambalo wateja wangu hawapendi kulisikia. Nyama iliyochinjwa alfajiri na kuchomwa jioni ile ile ndiyo ngumu kuliko zote. Mnyama akishakufa misuli inakakamaa, na ng'ombe huchukua siku nzima au zaidi kuanza kulegea. Tumezoea kusifia nyama "ya leo". Kwa mbavu za kuchoma, nipe ya juzi iliyokaa kwenye ubaridi, yenye mhuri wa mkaguzi.

Upande wa jiko, kwa kuwa ndiyo fani yangu, naomba mniamini. Wavu wa kuku usiwekwe chini ya nyama. Umepakwa zinki, na zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, joto ambalo mkaa uliokolea unalipita bila shida. Sisi wachomeleaji tunaufahamu moshi wa zinki, na homa inayokujia usiku baada ya kuuvuta. Tumia nondo safi au chuma cheusi, yaani kisichopakwa zinki. Mkaa, ukipata wa miti ya miwati ni bora, unawaka kwa muda mrefu na haurushi cheche hovyo. Subiri uvae majivu, kisha usukume wote upande mmoja wa jiko. Nyama ichujwe viungo kwanza, maana sukari inaungua haraka. Dakika tatu upande wa kwanza, tatu wa pili, na mafuta yakidondoka na kuwasha moto, unakihamishia kipande upande usio na mkaa. Usikimwagie maji, unarusha majivu kwenye chakula. Ndizi za Tukuyu zichomwe huko huko pembeni, na kachumbari yenye pilipili ikae karibu.

Ikifika Juni na Julai wapo wanaoniomba jiko dogo "la sebuleni", wachome huku wakiota moto. Siwatengenezei. Mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu anasinzia akidhani ni shibe. Vaa koti, choma uani.

Sasa ombi langu, na ndiyo sababu ya kushika kalamu. Wenye mabucha wa Mbeya, na wa Iringa na Njombe pia, nunueni misumeno ya umeme. Msiniambie ni ghali, naona mashine za kusaga mnazinunua na friji za vioo mnazinunua. Mwaka 2006 nchi ilitunga sheria iliyounda Bodi ya Nyama. Sidhani kama gogo lililochakaa na shoka ndiyo tasnia waliyoikusudia waliotunga sheria hiyo. Asiyeweza msumeno wa umeme leo aanze na wa mkono, ule wa meno madogo wa kukatia mifupa, na auoshe kila jioni. Nyama ikiwa imekakamaa kwa ubaridi unakata vizuri tu, nimeujaribu.

Bucha ya kwanza kati ya Iyunga na Mafiati itakayonikatia mbavu za milimita 8 bila kuniuliza kama ni za supu, nitawatengenezea meza ya chuma ya kukatia kwa bei ya vyuma tu, kazi yangu bure. Karakana yangu wanaijua.

Fundi mchomeleaji,
Iyunga, Mbeya