Barua ya wazi kwa washarika wa ibada ya Kiswahili, Minnesota

Wazee wenzangu, akina mama, vijana na watoto wa kipaimara, Bwana Yesu asifiwe.

Katika kikao cha mwezi uliopita nilikaa kimya, kwa kuwa hasira zilinizidi na sikuuamini ulimi wangu, na sasa zimepoa kiasi cha kuniruhusu kuandika. Vijana waliomba ibada ya Kiingereza mara mbili kwa mwezi, na mmoja wetu akawajibu kwamba anayetaka Kiingereza aende kwa Wazungu. Nadhani aliyelisema neno hilo ameshalijutia, lakini siwezi kulipita hivi hivi, maana katika jimbo hili maneno ya namna hiyo yamewahi kusemwa, tena na Wazungu wenyewe kwa watoto wao.

Siku mkifika kanisani, simameni kidogo kwenye pembe ya ukuta unaoelekea barabarani. Pale chini lipo jiwe la msingi ambalo kichaka kimelifunika nusu, na maneno yake yamechongwa kwa Kiswidi. Niliwauliza wenyeji wetu yanasema nini na hakuna aliyeweza kunisomea, isipokuwa bibi mmoja aliyepita miaka tisini, ambaye naye alibahatisha maneno mawili matatu, akacheka, kisha akanitamkia kwa kichwa sala ya mezani aliyofundishwa na bibi yake. Hicho ndicho Kiswidi chote kilichosalia katika nyumba iliyojengwa na Waswidi waliohamia hapa.

Wala hawakuwa watu wa kulala. Sinodi yao ya Augustana, yaani muungano wa sharika zao za Kilutheri, waliianzisha mwaka 1860 pamoja na baadhi ya Wanorwe, wakajenga vyuo, na alfajiri ya Krismasi wakaendelea kukusanyika kwenye baridi kali kwa ibada waliyoiita Julotta, kama walivyofanya kwao. Wanorwe, ambao kwa mabishano hawana mfano, waligawanyika katika sinodi kadhaa, wakachukiana vya kutosha juu ya fundisho la uteule, yaani jinsi Mungu anavyowachagua watakaookolewa, na wengi wao hawakuungana hadi mwaka 1917, hapa hapa St. Paul. Katekisimu Ndogo ya Luther watoto waliikariri kwa lugha ya nyumbani, na wapo wazazi walioamini kabisa kwamba imani yao ikitiwa katika Kiingereza itageuka kitu kingine.

Kisha ikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, na Ujerumani ikawa adui. Mwezi Mei 1918 gavana wa Iowa, jirani zetu, alipiga marufuku lugha za kigeni shuleni, kwenye simu na hata katika ibada. Huko Nebraska mwalimu wa shule ya Kilutheri, Robert Meyer, alitozwa faini ya dola 25 kwa kumfundisha mtoto kusoma hadithi ya Biblia kwa Kijerumani, na Mahakama Kuu ya Marekani ikamtetea mwaka 1923. Haki ilipatikana, lakini mtoto hangoji hukumu. Alikuwa ameshaanza kuota ndoto zake kwa Kiingereza, vita au pasipo vita. Mwaka 1946 kanisa la Wanorwe liliondoa hata neno Norwe katika jina lake.

Nasi tusijidanganye, kwa wengi wetu Kiswahili chenyewe si lugha ya mama. Wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walioanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893 walifundisha kwa Kichaga, na mmoja wao, Bruno Gutmann, alikitetea Kichaga kuliko hata Wachaga wenyewe. Bibi yangu alisali Baba Yetu kwa Kichaga hadi alipofariki, na alikuwa akilalamika kwamba nyimbo za Kiswahili za kwaya yetu hazina uzito. Tulimcheka. Leo wajukuu wangu wananitazama kama nilivyomtazama yeye, na ninastahili.

Isitoshe, Wajerumani walipoondolewa Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza, ni Augustana hiyo hiyo iliyotuma watu kuzisaidia sharika za Kilimanjaro katika miaka ya 1920, kabla ya kujikita Singida na Iramba. Waliokuwa wakivutana nyumbani juu ya Kiswidi na Kiingereza walikwenda kujifunza kuhubiri kwa lugha ambazo hazikuwa zao hata kidogo.

Kwa hiyo naunga mkono ombi la vijana, na naomba lianze sasa, tungali na nguvu za kukaa nao katika benchi moja. Tukingoja mpaka tuwe wazee kumi na wawili wenye Kiswahili safi na kanisa tupu, tutawapa ibada hiyo nao hawapo. Kipaimara kifundishwe kwa lugha zote mbili, darasa moja, mwalimu wetu.

Ila mnada msiuguse. Jumapili ile trei ya mayai ya dola nne ilipopanda hadi arobaini, mnunuzi akairudisha mezani, ikauzwa tena na tena, niliwaona watoto wamesimama juu ya viti wakipiga kelele "hamsini! hamsini na tano!" kwa Kiswahili ambacho darasani hawakitamki. Wanawake wa Kinorwe nao walishona, wakanadi kazi zao na kupika kahawa ili kulipia kanisa, na hadi leo zipo sharika ambazo hazina mtu wa kuomba kwa Kinorwe lakini kila vuli bado zinapika lutefisk, samaki wao mkavu anayelowekwa kwenye magadi, ambaye mimi nilimwonja mara moja na inatosha.

Jambo la mwisho ni daftari la ubatizo. Vitabu vya wahamiaji wale viliandikwa kwa uangalifu kiasi kwamba vitukuu wanavifungua leo na kupata kijiji alikotoka babu. Letu lina kurasa ambazo mtoto ameandikwa jina moja tu, pasipo wazazi wala mahali. Jumapili ijayo baada ya ibada nitakaa nalo katika ukumbi wa chini, karibu na jiko. Njooni na majina kamili, ya wasimamizi pia, na jina la usharika mliobatizwa ninyi huko nyumbani.

Mzee wenu wa kanisa, mstaafu.