Bahasha ya diazepamu isiandikwe "1 × 1 usiku" pekee

Ndugu Mhariri,

Diazepamu ya miligramu 5, dawa ya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi ambayo wengi huiita Valium, humfikia mgonjwa ndani ya bahasha ndogo ya karatasi iliyoandikwa "1 × 1 usiku", yaani kidonge kimoja kila usiku, basi. Sisi tunaotoa dawa tunaomba nafasi tuseme yale ambayo bahasha hiyo haisemi, na ambayo mgonjwa anapaswa kuyajua kabla hajameza.

Kubwa ni muda. Watu hudhani kidonge cha usiku huisha usiku huohuo. Diazepamu haiko hivyo. Nusu yake tu huchukua saa 20 hadi 50 kutoka mwilini, na ini likiivunja hupatikana kemikali nyingine yenye kutuliza vilevile, ambayo nusu yake yaweza kukaa hadi saa 100. Anayemeza kila usiku, basi, anaweka cha leo juu ya mabaki ya jana na juzi. Ndiyo maana mtu huwa mzima siku mbili za mwanzo, kisha wiki ya pili anaanza kuyumba, kusahau na kusinzia mchana. Mgonjwa aulizwe kazi yake: wa bodaboda, wa gari, wa mashine ya mbao, wote wasifanye kazi hiyo wakiwa na dawa mwilini. Mzee huanza na nusu ya dozi ya mtu mzima au pungufu, na njia yake ya chooni usiku iwe na taa, maana akianguka nyonga huvunjika.

La pili ni pumzi. Diazepamu ikikutana na pombe, iwe bia au gongo, au na dawa za maumivu za jamii ya afyuni kama tramadoli, kodeini, mofini na methadoni, upumuaji hupungua polepole bila mwenyewe kushtuka. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza mchanganyiko wa dawa hizo za afyuni na za jamii ya diazepamu uwekewe onyo zito kuliko yote kwenye maelezo ya dawa. Kodeini imo pia katika baadhi ya dawa za kikohozi, kwa hiyo taja hata chupa uliyojinunulia. Piriton na promethazini, dawa za mzio, huongeza usingizi. Flukonazoli ya fangasi, omeprazoli ya asidi ya tumbo na isoniazidi ya kifua kikuu huichelewesha diazepamu kutoka; rifampisini, nayo ya kifua kikuu, huiondoa upesi. Anayekatika pumzi akikoroma, mwenye ugonjwa mzito wa mapafu au wa ini, na mwenye mimba, wamwambie daktari kabla. Mama akiitumia karibu na kujifungua, mtoto anaweza kuzaliwa mlegevu, ashindwe kunyonya.

Kisha hesabu vidonge. Kwa kukosa usingizi au wasiwasi mkali, dawa hii ni ya muda mfupi, wiki 2 hadi 4 pamoja na siku za kuipunguza. Ukipewa vidonge 60, uliza kwa nini. Lakini aliyekwisha kuitumia kwa miezi asisome barua hii akavitupa vidonge leo! Kuiacha ghafla huleta mitetemo, kukesha, hata degedege. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa ratiba ya daktari, na kila hatua huenda ikachukua wiki mbili au zaidi.

Tunawaomba wenzetu wa madirishani waongeze maneno machache kwenye bahasha: siku ngapi, hakuna pombe, usiendeshe, usiache ghafla, weka mbali na watoto. Kalamu ni ileile.

Na nyumbani, aliyemeza akiitwa na kutikiswa asiamke, au akavuta pumzi kwa mapengo marefu, msimwache "amalize usingizi". Mlazeni kwa ubavu, msimpe maziwa wala maji, mkimbizeni hospitali, na bahasha pamoja na vidonge vilivyobaki viende naye.

Wafamasia,
Dar es Salaam