Barua ya wazi kwa Meneja wa NSSF mkoa wetu: hatukuacha kazi, tuliachishwa

Meneja shikamoo. Najua mafaili ni mengi mezani kwako ila hili naliandika hadharani maana sio langu peke yangu, tuko wengi tuliotolewa kiwandani pale. Tunadai fao la upotevu wa ajira, ile hela ambayo mfuko wenu wa hifadhi ya jamii unampa aliyepoteza kazi, na mwajiri katuandikia wote jibu moja, kwamba tuliacha kazi kwa hiari.

Hakuna aliyeacha. Tulifika getini kuingia zamu ya asubuhi kama kawaida, mlinzi akatoka na karatasi ya majina, ambaye hayupo kwenye list asiingie. Notisi hatukupewa, kikao hakikuitishwa, hata kiongozi wa chama cha wafanyakazi naye kayasikilia hapohapo getini, wakati sheria ya ajira ya 2004 inasema ukitaka kupunguza watu uwape taarifa, ueleze sababu na ukae nao mshauriane. Baadae afisa utumishi katuma meseji kwenye grupu la WhatsApp, njooni mchukue mshahara wa mwisho. Kufika tunakuta fomu zimeshachapwa, jina lako na namba yako ya kazi ziko juu, chini yake maneno kwamba naacha kazi kwa hiari yangu na sina madai yoyote, husaini hupewi hela. Waliokuwa wanadaiwa kodi ya chumba wakasaini na siwalaumu hata kidogo. Mimi nilikataa nikaondoka mikono mitupu.

Fao la upotevu wa ajira halilipwi kwa aliyeacha mwenyewe, hilo naelewa wala silipingi. Michango ya miezi 18 inayotakiwa ninayo na imezidi, slip za mshahara zipo. Ninachopinga ni kauli tupu ya mwajiri kugeuzwa ushahidi. Kama niliacha, barua yangu iko wapi, saini yangu iko wapi? Kwenye shauri la kuachishwa kazi sheria inamtaka mwajiri ndio athibitishe kwamba alifanya kihalali, sasa iweje tukifika dirisha la mafao mzigo huo tubebeshwe sisi? Na hao waliosaini, zikusanye fomu zao uziweke pamoja uone, maneno yaleyale, tarehe ileile, yani zamu nzima imeamka siku moja ikaamua kuacha kazi?

Hela yenyewe ni 33.3% ya mshahara kwa miezi 6. Kwa mshahara wa kiwandani hiyo ni unga, mafuta ya kula na nauli ya kuzungukia kazi nyingine, ila imetokana na michango iliyokatwa kwenye jasho letu kila mwezi.

Naomba mwajiri aitwe alete fomu zote orijino, na sisi tuhojiwe mmoja mmoja afisa utumishi wake akiwa nje. Shauri letu CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi) tulifungua ndani ya zile siku 30 za kisheria na namba yake nimeiambatanisha kwenye faili langu. Siku yoyote utakayotuita tutakuja, tuliosaini na tusiosaini.