Fedha ya safari ya kwanza ya Ulaya huvuja kabla ya kupanda ndege

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wazazi wa Tanga wanaochangishana kumpeleka kijana wao Ulaya kwa mara ya kwanza, awe amealikwa na shule rafiki, ndugu au wenyeji wengine. Vikao vingi vya mchango huanza na swali moja: tiketi shilingi ngapi? Jibu likipatikana, daftari linafungwa. Kumbe tiketi mara nyingi haifiki hata nusu ya gharama. Na fedha inayopotea, mara nyingi hupotea kwa sababu imelipwa kabla ya wakati wake.

Tuchukue mfano wa siku 21 Ujerumani, kijana akifikia kwa wenyeji wanaompa kitanda na chakula cha jioni. Tukadirie euro moja kwa shilingi 2,900. Pasipoti ni shilingi 150,000. Viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, kwa aliyetimiza miaka 12 ni euro 90, yaani 261,000. Bima ya safari tenga 150,000. Safari tatu za Dar es Salaam, 100,000 kila moja, ni 300,000. Tiketi tuseme 2,300,000, maana bei hupanda na kushuka kwa msimu. Fedha ya mfukoni euro 20 kwa siku ni euro 420, sawa na 1,218,000. Usafiri wa huko euro 63, kama 183,000. Akiba ya dharura euro 150, yaani 435,000. Nguo za baridi 150,000. Jumla inakaribia 5,150,000. Ukiangalia vizuri, euro 723 za hesabu hii hazitabiriki: euro ikipanda kwa shilingi 200 tu, pengo ni 144,600, na lazima mtu alizibe. Kwa hiyo mchango ukikusanywa miezi minne kabla, sehemu ya euro inunuliwe benki kidogo kidogo kadiri fedha inavyoingia, isingoje wiki ya mwisho.

Sasa mfuatano wa malipo, ambao ndio kiini cha barua hii.

Pasipoti itangulie, kwa sababu bila namba yake hakuna fomu ya viza inayojazwa. Fomu ya pasipoti hujazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji na kulipiwa 20,000, kisha 130,000 zinazobaki. Kinachokwamisha si ada, ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi, kitambulisho cha NIDA kinasema Mwanahamis, cheti cha shule kina majina mawili badala ya matatu. Kila tofauti ni kiapo, safari ya ofisini na wiki zinazokwenda. Linganisheni nyaraka zote mezani siku ya kikao cha kwanza, kabla hata ya kuchangisha senti.

Viza ifuate. Maombi ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini wanaruhusiwa kufika siku 45 wakitaka kuchunguza zaidi. Anayepeleka maombi wiki tatu kabla ya kuruka anacheza kamari na tiketi yake. Euro 90 hazirudi hata ukinyimwa, na pale maombi yanapopokelewa na kituo cha wakala wa ubalozi huongezwa ada ya huduma. Kijana wa Tanga lazima afike Dar mwenyewe kutoa alama za vidole, na miadi ikiwa asubuhi inabidi alale huko. Wengi husahau kuandika kitanda hicho, na asiye na ndugu Dar ajue kwamba 100,000 ya safari hiyo haitamtosha.

Hapa ndipo panapovuja zaidi: watu wananunua tiketi kwanza ili "ubalozi uone yuko makini". Ubalozi hauhitaji tiketi iliyolipiwa. Unahitaji buking, yaani nafasi iliyoshikwa yenye tarehe za kwenda na kurudi. Viza ikikataliwa, tiketi ya bei rahisi isiyorudishiwa fedha ndiyo imekwenda hivyo. Bima nayo, ambayo lazima ifidie angalau euro 30,000 katika nchi zote za Schengen kwa siku zote za safari, ulizeni kabla ya kulipa kama fedha hurudi viza ikikosekana.

Jambo jingine ni kujaza akaunti. Taarifa ya benki ya kijana inaonyesha salio la 80,000 kwa miezi, mara wiki moja kabla ya miadi zinaingia milioni nne. Ofisa hahitaji darubini kuona hizo ni za kuazima. Afadhali kijana abaki na akaunti yake ndogo ya kweli, na mdhamini, baba au shangazi, atoe barua ya udhamini, taarifa zake za benki za miezi ya karibuni na cheti kinachothibitisha undugu. Mwenyeji aliyeko Ujerumani naye anaweza kusaini hati ya ahadi ya kubeba gharama katika ofisi ya wageni ya mji wake, ada yake euro 29. Mwombeni hati hiyo mapema, maana huko pia kuna foleni ya miadi. Na anayewaambia kwamba kwa laki tano "anahakikisha viza", mfungieni mlango. Hakuna ada ya namna hiyo katika ubalozi wowote.

Viza ikishagongwa, ndipo tiketi ilipiwe. Jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti, maana kusahihisha baadaye hulipiwa na mara nyingine ni kununua upya. Jihadharini na bei nzuri inayotokana na tiketi mbili tofauti zilizounganishwa: ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni na abiria, na mzigo hulazimu kuchukuliwa katikati, jambo linaloweza kuhitaji viza ya nchi ya kupitia. Kwa safari ya kwanza, tiketi iwe moja mpaka mwisho. Siku ya kuondoka msitegemee basi la asubuhi kutoka stendi ya Kange kwa ndege ya jioni. Foleni ya kuanzia Kibaha mpaka uwanja wa Julius Nyerere inaweza kula saa tatu zile zile anazotakiwa kuwa tayari uwanjani. Aende jana yake.

Kuhusu fedha mkononi, euro 200 taslimu zinatosha, katika noti za 10, 20 na 50, nyingine zikae kwenye kadi. Kadi ifunguliwe benki kwa matumizi ya nje ya nchi na ijaribiwe hapa hapa kwa kununua kitu kidogo mtandaoni. Laini ya Tanzania isitolewe kwenye simu, kwa sababu namba ya siri ya benki huja kwa ujumbe mfupi. Data tu ndiyo izimwe. Mashine ya kutolea fedha kule ikiuliza akatwe kwa shilingi au kwa euro, achague euro. Akichagua shilingi, mashine inamwekea bei yake yenyewe, na siku zote ni mbaya. Atoe mara chache kiasi kikubwa kidogo, maana kila utoaji una makato.

Usafiri wa huko una mtego wake. Tiketi ya mwezi ya treni za mikoa na mabasi ya mijini, Deutschlandticket, imekuwa euro 63 tangu Januari 2026. Ni nafuu kweli, ila huhesabiwa kwa mwezi wa kalenda. Anayefika tarehe 20 Julai na kuondoka tarehe 10 Agosti atalipa miezi miwili, euro 126, isipokuwa apange safari ndani ya mwezi mmoja. Hujirudia yenyewe isipositishwa kabla ya tarehe 10 ya mwezi, na haikubaliki kwenye treni za kasi za ICE. Akikutwa bila tiketi halali faini ni euro 60, siku tatu za fedha ya mfukoni. Jumapili maduka mengi hufungwa, hivyo akifika siku hiyo atanunua mkate wa kituo cha treni kwa bei ya kituo cha treni. Maji ya bomba hunywewa. Chupa nyingi za plastiki zina amana ya senti 25, ambayo hurudishwa dukani, asizitupe.

Nguo nzito zinunuliwe mitumbani huku huku, ambako jaketi la maana hupatikana kwa bei ya chakula cha mchana cha Hamburg. Soketi za Ujerumani ni za pini mbili za mviringo, kwa hiyo adapta moja ya elfu chache inamwokoa. Zawadi za wenyeji ziangaliwe, kwani Umoja wa Ulaya unazuia abiria kuingiza nyama na maziwa, pamoja na samli, na tangu Desemba 2019 matunda karibu yote hutaka cheti cha afya ya mimea. Machungwa ya Muheza na maembe yabaki. Yanayoruhusiwa bila cheti ni nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Na ile orodha ya zawadi ambayo ndugu humpa anayeondoka, simu ya mjomba na manukato ya wifi, ama ije na fedha yake ama isiandikwe.

Mwisho, euro za sarafu azimalize kabla ya kurudi, kwa sababu benki zetu hupokea noti tu. Na nauli ya kutoka uwanjani hadi Tanga iachwe kwenye simu yake, kwa shilingi, tangu siku anayoondoka.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga